Somo: Miti ya asili kwenye kiwanja cha kando ya ziwa, Mwanza

Wadau, kabla hujanunua mche hata mmoja, tafuta kamba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa. Wengi huku Luchelele tunaijua siku ukuta unapopigwa X ya kubomolewa.

Hatua ya 1. Pima, ila usianzie yalipo maji leo. Mwaka 2020 ziwa lilijaa likameza bustani yangu, michicha na yote. Tazama mawe: weupe ulioachwa na maji unapokomea juu, anzia hapo. (Hilo la weupe ni langu, sheria haijalisema.)

Hatua ya 2. Ndani ya mita hizo weka panga chini. Mafunjo na matete usiyafyeke eti upate kuona ziwa. Vifaranga vya sato hujificha humo, na tope la mvua hunasa humo. Ng'oa lantana na mlusina tu, mimea ya kigeni inayovamia, kabla haijadondosha mbegu.

Hatua ya 3. Mkuyu. Kata tawi nene kama kifundo cha mkono, urefu mita moja na nusu. Liache kivulini siku moja utomvu ukauke, kisha lichimbie nusu mita, vuli inapoanza. Shindilia udongo, mwagilia, uliache. Kulitikisa kila asubuhi kuona kama limeshika ndiko kunakoliua. Nyumba iwe mbali, maana mizizi ya mkuyu haiheshimu karo.

Hatua ya 4. Kwingine panda mkwaju au mgunga. Samadi iliyooza, boji (matandazo ya nyasi kavu), basi.

Maswali ya wanachama

— Kaka, mwarobaini si wa asili? Kwa bibi upo tangu nizaliwe.
— Asili yake Asia, dada. Hata mkrismasi ulitoka Madagaska. Ukiwa nao nyumbani, kaa nao.

— Nina hati, na kiwanja kinafika majini. Mita 60 zinanihusu?
— Zinakuhusu, mkuu. Nenda NEMC (baraza la taifa la mazingira) au kwa ofisa mazingira wa halmashauri na ramani yako, kabla fundi hajamwaga zege.

— Nipande mikaratusi kukausha kinamasi?
— Usithubutu.

— Mkuyu wangu ulichipua, wiki ya tatu majani yakapukutika yote. Niung'oe?
— Kwangua gome kwa ukucha. Ukikuta ubichi, endelea kumwagilia.