Kupanga kikomo cha mavuno ya sangara mwaloni kwa daftari na ubao wa kupimia

Nimeandika haya baada ya kumsaidia katibu wa BMU moja (kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi kwenye mwalo, yaani ufukwe wa kupokelea samaki) upande wa Ilemela, Mwanza, kwenye Ziwa Victoria. Alikuwa na madaftari ya miaka mitano ya mapokezi ya samaki, basi. Yanatosha kuanzia.

1. Chagua samaki mmoja. Hapa ni sangara. Dagaa ana hesabu zake, maana uvuvi wake wa taa hufuata giza la mwezi.

2. Andika kila siku kilo, mitumbwi iliyotoka na zana. Makila (nyavu za kutega sangara) na ndoano usichanganye kamwe. Mtumbwi ulioongeza injini au nyavu uutenge, la sivyo kilo kwa mtumbwi zitabaki palepale huku samaki wanapungua. Daftari la karatasi kwanza, Excel jioni; programu za simu na mikono yenye magamba haviivi.

3. Pima urefu. Hapa ndipo kazi huharibikia. Sheria inakataza sangara wa chini ya sentimita 50, kwa hiyo ukipimia kwenye mzani wa mnunuzi karibu wote watakuwa wamefika hapo, nawe utaondoka ukidhani ziwa ni zima. Pale unapima woga wa faini. Wadogo wameshapitia uchochoroni kwenda kuwa kayabo (samaki wa kukaushwa kwa chumvi), na wakubwa huenda wamepasuliwa kutolewa mabondo, yale mafuko ya hewa ya tumboni, kabla ya kufika nchi kavu.

Pima mtumbwini, kabla hawajachambua. Anayepima asiwe yule anayekamata nyavu haramu: tafuta kijana wa mwalo huohuo, na mkubaliane mbele ya mwenyekiti kwamba daftari la urefu halitozi mtu faini. Pima mtumbwi mmoja, ruka miwili. Usikubali kuchaguliwa samaki. Wakiwa wengi, pima tenga moja lisiloguswa, lote. Tumia ubao wenye kizuizi puani. Futi ya fundi cherehani hupanda na tumbo la samaki na kumwongezea urefu, mimi siikubali. Na zana iandikwe tena hapa, kwani siku ndoano zikiwa nyingi utadhani samaki wamekua.

4. Usomaji wa namba hizo una maswali matatu, aliyoyapanga mtafiti wa samaki Rainer Froese mwaka 2004: wangapi wamepevuka, wangapi wako kwenye urefu wenye faida zaidi kuvuliwa, na wazazi wakubwa ni wangapi. Majike ya sangara huchelewa kupevuka kuliko madume, kwa hiyo sentimita 50 si ushahidi wa kuzaa. Wazazi wasipoonekana, waulize watu wa ndoano kama huwa wanawarudisha majini. Kutovuliwa na kutokuwepo ni mambo mawili.

5. Hesabu. Chukua wastani wa kilo kwa mtumbwi wa miaka miwili ya mwisho, gawa kwa wastani wa mitatu iliyotangulia. Mfano: 31 kwa 38 ni 0.82. Mavuno ya mwisho yakiwa tani 100, kikomo ni tani 82. Badiliko lisizidi asilimia 20 kwa mwaka, juu wala chini. Urefu wa hatua ya 4 ukionyesha hali mbaya, punguza asilimia 20 nyingine, nje ya ukomo huo: tani 66 hivi.

6. Tani hizo zigeuze ziwe siku za kutoka na idadi ya nyavu. Kikomo cha kilo hakisimamiki usiku wa manane, na sangara huyohuyo anavuliwa pia Uganda na Kenya. Kabla ya kikao cha wavuvi, wapelekee TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania) Mwanza madaftari yote mawili, la kilo na la urefu, pamoja na kurasa zenye madoa.