Kuingiza modeli ya 3D kwenye SketchUp bila matirio kupotea

Wakuu habari za muda huu. Juzi kati nilikuwa Kigamboni kwa mteja, nafungua ramani ya nyumba yake kwenye SketchUp (programu ya kuchora nyumba kwa 3D) kwenye laptopu, kuta ziko poa, bati la msauzi liko poa, ila ule mlango wa Kizanzibari alioulilia tangu siku ya kwanza umetokea mweupe pee, hadi misumari ya shaba nayo nyeupe, na yeye ndo alikuwa anausubiri huo huo. Iliniuma. Kwa hiyo fanyeni hivi.

Kwanza mjue faili la OBJ (aina ya faili la modeli ya 3D, kama mlango huo) ni umbo tu, halibebi picha. Matirio (rangi na mwonekano wa uso wa kitu) yameandikwa kwenye faili jingine la MTL, na picha za mbao zenyewe ni JPG za pembeni. Ukifungua zipu ya modeli weka vyote folda moja, majina usiguse.

Hatua ya 2 ndo wengi wanairuka. Fungua ile MTL kwa Notepad, tafuta mstari unaoanza na map_Kd (ndo unaotaja picha ya rangi), mara nyingi utakuta hivi:

map_Kd C:\Users\kazi\picha\mninga.jpg

Hiyo ni njia ya kwenye kompyuta ya aliyetengeneza, kwako folda hiyo haipo, sasa programu itaipata wapi picha? Futa njia yote ubakize map_Kd mninga.jpg, fanya hivyo kila mstari wenye picha, halafu sevu.

Hatua ya 3, ingiza OBJ kwenye Blender (programu ya 3D, ni ya bure), bonyeza Z uchague Material Preview. Ukiona pinki kali ujue kuna picha haijapatikana, rudi kwenye MTL.

Hatua ya 4 vipimo. Bonyeza N uangalie Dimensions, OBJ haina kipimo ndani yake, so mlango wa sentimita 210 unaweza kuingia una mita 210! Ikiwa hivyo bonyeza S, andika 0.01, Enter, kisha Ctrl+A uchague Scale.

Hatua ya 5, File, Export, glTF 2.0, chagua glTF Binary. Inatoka faili moja la GLB, picha ziko humo humo ndani, hata ukiirusha WhatsApp kama dokumenti haziachwi nyuma. SketchUp kuanzia 2024 inaipokea kwa File, Import.

Mwenye toleo la zamani la SketchUp achukue DAE (aina nyingine ya faili la 3D) pamoja na picha zake. 3DS (nayo ni aina ya faili la 3D) mimi siigusi kabisa, majina ya picha inayakata yabaki herufi 8, mlango_mninga.jpg hutaiona tena.