Unaongoza kampuni ya teknolojia ya afya? Kaa na AI vizuri kabla haijakukalia kichwani

Siku hizi hakuna kikao cha bodi kinachoisha bila mtu kuuliza "na sisi AI yetu iko wapi?" alafu wote wanamgeukia mkurugenzi mtendaji. Kama wewe ndo huyo mkurugenzi, usikimbilie jibu la kuwafurahisha. Zamani kazi yako ilikuwa kupitisha bajeti ya mfumo, mafundi wanaufunga, ukishafungwa unafanya kilekile miaka nenda rudi. Akili mnemba, yaani hiyo AI, haiko hivo, aina ya wagonjwa ikibadilika au mashine ya eksirei ikaletwa mpya, majibu yake yanaweza kuharibika bila mtu yeyote kugusa kitu, na atakayeitwa kujieleza ni wewe, injinia anakuwa amekaa pembeni.

Tuanze na demo maana hapo ndo wengi wanapigwa. Muuzaji anakuja na slaidi zake, "modeli yetu inapatia kwa asilimia 90", modeli ndo programu yenyewe ya AI inayotoa utabiri. Usipige makofi bado, fungua kalkuleta ya simu hapohapo mezani. Chukulia watu 10,000, na wenye ugonjwa ni 100 tu. Modeli inawakamata 90 kati ya hao 100, safi kabisa. Sasa nenda kwa wale 9,900 wazima, huko nako inakosea asilimia 10, yaani watu 990 wanaambiwa wana tatizo na hawana. Jumla ni alamu 1,080 na za kweli ni 90, kwa hiyo kila alamu 12 moja tu ndo ya maana. Hapo muulize kwa upole, hizo 11 zingine nani atazishughulikia na muda ataupata wapi? Akianza kurudi kwenye slaidi ya kwanza ujue hana jibu.

Na wala sio hesabu za kujifurahisha. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan waliipima kwenye hospitali yao modeli ya Epic, kampuni ya Marekani ya mifumo ya kumbukumbu za wagonjwa, ya kutabiri sepsisi, ile hali ambayo mwili unavyopambana na maambukizi mpaka viungo vyenyewe vinaanza kufeli. Wakakuta imewakosa asilimia 67 ya waliopata sepsisi, na wakati huohuo imepiga alamu kwa asilimia 18 ya wagonjwa wote waliolazwa. Epic walibisha matokeo hayo, lakini modeli ilikuwa tayari iko kwenye mamia ya hospitali za Marekani. Sasa jiweke kwenye nafasi ya nesi wa zamu, mkononi ana dripu, skrini inawaka nyekundu, anaacha anakimbia kitandani anamkuta mgonjwa anakula vizuri tu, ikija ya tano anaifunga bila kusoma, na huenda hiyo ya tano ndo ilikuwa ya kweli.

Kwa hiyo kabla ya kusaini dai majaribio ya kimyakimya. Modeli inawashwa kwenye data zenu wenyewe, inatabiri, lakini madaktari hawaoni inasema nini, baadae mnalinganisha na yaliyotokea kweli. Muuzaji akikataa hilo mimi ningeshaanza kumtafutia mlango.

Swali lingine ambalo wakurugenzi wengi wanawaachia watu wa data, na kwa maoni yangu ni la kwao kabisa: hii kitu inatabiri NINI hasa? Mwaka 2019 jarida la Science lilitoa utafiti kuhusu programu iliyokuwa inachagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada huko Marekani. Ilikuwa inatabiri gharama za matibabu, sio ugonjwa. Matibabu ya wagonjwa weusi yalikuwa yanatumia pesa kidogo hata wakiwa wanaumwa sawa na wazungu, kwa hiyo kompyuta ikawaona wako fiti. Watafiti walionyesha kwamba ukirekebisha hapo, weusi kati ya wanaopata huo msaada wanapanda kutoka asilimia 17.7 mpaka 46.5. Hakuna mstari wa programu uliokosewa pale, kilichokosewa ni uamuzi wa kupima pesa badala ya ugonjwa, na maamuzi ya namna hiyo ni ya kwako.

Alafu toka ofisini. Google walipeleka mfumo wao wa kusoma picha za macho ya wenye kisukari kwenye kliniki za Thailand, maabara ulikuwa unafanya vizuri sana, kufika kliniki vyumba vingine haviwezi kuwa giza vya kutosha, picha zaidi ya moja kati ya tano zikakataliwa, na intaneti nayo inasuasua huku foleni inaongezeka. Mambo hayo huyaoni kwenye dashibodi. Kaa na nesi zamu nzima, na usiende na msafara wa mameneja watano.

Pesa nayo iwekee mpaka mapema. Kituo cha saratani cha MD Anderson kilitumia zaidi ya dola milioni 62 kwenye mradi wa Watson, mfumo wa AI wa kampuni ya IBM, ukaishia kuwekwa kabatini. Andikeni kabla ya kuanza, tusipoona hiki na hiki kufikia tarehe fulani tunasimama, maana pesa ikishazama kila mtu anakuwa na sababu ya kuongeza nyingine.

Sheria sitakaa nazo sana, mpe mwanasheria, ila ujue ile ya Ulaya ya AI ilianza kuwa na nguvu tarehe 1 Agosti 2024 na vifaa vingi vya tiba vyenye AI inaviweka kundi la hatari kubwa.

Cha mwisho, jina. Nani ana ruhusa ya kuizima saa nane usiku bila kusubiri kikao? Liandikwe kwenye kumbukumbu za bodi, jina la mtu na la msaidizi wake, alafu mlifanyie zoezi kweli, mzime modeli muone wodi inaendeleaje. Fanyeni mchana, wafanyakazi wawe wameshaambiwa, na fomu za karatasi ziwe zimechapishwa kabisa.