Kitanda cha mtoto cha kubandika ubavuni mwa chako, angalia haya kabla hujatoa hela

Kabla ya kuhangaika na rangi chukua futi kamba upime kitanda chako kutoka sakafuni mpaka juu ya godoro, maana vitanda vyetu vya mninga viko juu na godoro la inchi 8 linaongeza tena, na godoro la mtoto linatakiwa liwe sawa na lako au lishuke kidogo tu.

Kikubwa kuliko vyote ni ule upenyo katikati ya kitanda chako na cha mtoto. Kwa mwanangu wa kwanza fundi alinichongea kizuri tu ila hakuweka mikanda, usiku nikigeuka kinasogea taratibu, asubuhi moja nikakuta mkono wangu wote unaingia pale katikati, nilitetemeka jamani. Kwahiyo dai mikanda ya kufunga kwenye fremu ya kitanda chako, kaza, halafu kisukume kwa goti. Kikisogea hata kidogo usikubali.

Ukichongesha pale Keko, kwa mafundi samani wa Dar, mwambie fundi nafasi ya mbao na mbao isizidi sm 6. Godoro liwe gumu, bapa, lienee kabisa, vidole viwili visipite pembeni. Mito na midoli hapana, na mtoto alale chali. Neti nunua kubwa ifunike vitanda vyote viwili, isimning'inie usoni.

Akianza kujiinua kwa mikono na magoti, mara nyingi miezi 5 au 6, mhamishie kitanda chenye kuta pande zote nne, ila kibaki humohumo chumbani kwenu.