Namna ya kusoma ofa ya kazi ya kurusha helikopta za mafuta baharini kabla hujasaini

Ofa inapofika, jicho hukimbilia mshahara wa mwezi. Uache kwanza. Katika kazi hii ya kusafirisha wafanyakazi kwenda na kurudi kwenye majukwaa ya mafuta baharini, marubani wawili wanaweza kulipwa kiasi kilekile kwa mwezi, mmoja akalala kwake kila usiku na mwenzake akakosa nusu ya sikukuu za watoto wake. Kinachopaswa kupimwa ni pesa unayolipwa kwa kila siku ambayo kampuni inakuchukua kutoka nyumbani.

Anza na zamu. Rubani wa Aberdeen (Uskoti) au Stavanger (Norwe) mara nyingi huishi mjini hapo hapo, huenda kazini asubuhi na kurudi kwake jioni. Ghuba ya Mexico, kwenye vituo vya Louisiana kama Houma na Galliano, wengi hufanya siku 7 kazini na 7 nyumbani, au 14 kwa 14, wakilala kwenye mabweni ya kampuni. Baadhi hulala kwenye jukwaa lenyewe baharini, helikopta imefungwa kamba pale juu. Nigeria na Angola wageni huja kwa wiki: 4 kwa 4, 5 kwa 5, 6 kwa 6. Ofa isiyotaja zamu kwa maandishi, au inayosema "kulingana na mahitaji ya kazi", irudishe waandike.

Sasa chukua kalamu. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, umepewa dola 84,000 kwa mwaka na zamu ya siku 28 kwa 28. Mzunguko mmoja ni siku 56, kwa hiyo mwaka una mizunguko 6.5 na siku 182 za kazi. Gawanya: dola 461 kwa siku. Ni nzuri. Kisha uliza siku ya kusafiri inahesabiwa upande wa nani. Ikiwa siku moja ya kwenda na moja ya kurudi zinakatwa kwenye mapumziko yako, hizo ni 13 kwa mwaka. Siku zako zimekuwa 195 na malipo yameshuka hadi 430. Uliza pia kuhusu simuleta, mashine ya ardhini inayoigiza kuruka. Vipimo vya ustadi huja kila miezi 6, na simuleta za S-92 na AW139, aina mbili za helikopta za kazi hii, nyingi ziko Ulaya na Marekani. Siku 5 mara mbili kwa mwaka zikitoka kwenye mapumziko yako, umefika siku 205 na dola 409. Zaidi ya dola 50 kwa siku zimeyeyuka, na hakuna aliyekudanganya. Hukuuliza tu.

Upande wa pili wakala anakupa dola 450 kwa siku bila mshahara wa kudumu. Akilipa siku za zamu peke yake, unapata 81,900 kwa mwaka. Akilipa na za kusafiri, 87,750. Akilipa na za simuleta, 92,250. Kwa karatasi amempiga mwajiri wa kwanza. Lakini anayelipa kwa siku kwa kawaida halipi ukiugua, haweki akiba ya uzeeni, na mtambo wa kuchimba ukiondoka anakuambia usije zamu ijayo. Kata angalau gharama ya bima ya afya, mchango wa uzeeni na zamu moja iliyofutwa, ndipo ulinganishe.

Jihadhari zaidi na ofa yenye mshahara mdogo wa msingi na posho kubwa ya saa za kuruka. Saa za kuruka haziko mikononi mwako. Ukungu unaweza kufunga bahari siku 3 mfululizo. Helikopta inaweza kukaa karakana ikisubiri kipuri. Wanaorusha S-92 wanajua namna uhaba wa vipuri vya gia kuu, ile inayozungusha pangaboi, ulivyoziweka chini helikopta kwa muda mrefu. Posho hiyo ihesabu kama sifuri unapoamua kama kodi ya nyumba italipika. Posho zinazofaa kuhesabiwa ni za kudumu: ya urubani mkuu, ya ukufunzi, ya kituo chenye hatari. Siku ya mapumziko unayoombwa kufanya kazi iwe na kiwango chake kilichoandikwa. Mara moja na nusu ya siku ya kawaida ni jambo la kawaida Marekani, na ni halali kulidai popote.

Saa za kuwa kazini

Msimamizi akikwambia "tunafuata sheria", elewa kwamba sheria ni ukuta wa mwisho. Kanuni za Marekani za ndege za kukodi zinaruhusu rubani aliye peke yake kuruka hadi saa 8 ndani ya saa 24, na marubani wawili saa 10. Kwa mwaka, 1,400. Zinadai pumziko la saa 10 mfululizo na angalau siku 13 kamili za mapumziko kila robo mwaka. Mtu anayefika kila kikomo hicho atachakaa mapema. Uliza swali tofauti: siku ya kawaida ya kiangazi, naripoti saa ngapi na naachiwa saa ngapi? Unaweza kuruka saa 5 tu na ukawa kazini saa 14, kwa sababu kati ya safari unasubiri hewa itulie, abiria wapimwe uzito na mizigo ipangwe.

Kaa ndani ya saa hizo 5 uone zilivyo. Helikopta inatua jukwaani, pangaboi halizimwi, abiria wanashuka na wengine wanapanda, mafuta yanajazwa, unaondoka kwenda jukwaa la pili. Hujafungua mkanda. Choo hakuna. Kiti kinatetemeka chini ya uti wa mgongo muda wote, jua linapiga kioo. Marubani wengi huamua kutokunywa maji, na huo ndio mtego: kichwa kinauma, umakini unashuka mchana, na kwa miaka mawe ya figo yanajijenga. Jiwe la figo linaweza kukusimamishia cheti cha afya cha Daraja la Kwanza. Kwa hiyo uliza ratiba inaruhusu kuzima injini na kushuka baada ya saa ngapi. Bahari ya baridi ina adha yake. Kanuni za Ulaya zinataka suti ya kujiokoa maji yakiwa chini ya nyuzi 10, na ndani ya suti hiyo chumba cha rubani chenye jua ni tanuri. Pwani ya Mtwara maji hayafikii ubaridi huo; hapo unavaa jaketi la kujiokoa, nalo lisiachwe kwenye mfuko nyuma ya kiti.

Kwa kazi za helikopta ndogo za Ghuba ya Mexico, fahamu kwamba rubani mara nyingi ndiye anayepima uzito wa abiria, anayepakia na anayejaza mafuta. Unganisha waya wa kuondoa umeme tuli kabla ya kugusa bomba, chota sampuli kwenye chupa angavu, itazame kwenye mwanga kama ina maji au uchafu chini. Na kabla ya kuondoka tazama bomba la jukwaa la kutolea gesi liko upande gani wa upepo. Mwaka 2011 na tena 2013, helikopta zilipoteza nguvu zikiondoka kwenye majukwaa ya huko baada ya injini kuvuta gesi ya methani iliyokuwa ikitolewa hewani. Methani haionekani. Redio kwa msimamizi wa jukwaa, "mnatoa gesi sasa hivi?", ni sehemu ya kazi yako.

Bondi ya mafunzo

Hapa ndipo vijana wengi hunasa. Kampuni inakulipia mafunzo ya aina mpya ya helikopta, nawe unaahidi kukaa miaka 2 au 3, ukiondoka mapema unarudisha pesa. Si vibaya, mafunzo ya AW139 au S-92 ni ghali. Ubaya umo kwenye namna deni linavyopungua. Chukua bondi ya dola 30,000 kwa miezi 36, ukaondoka baada ya 20. Deni likipungua kila mwezi, unadaiwa 13,333. Likipungua kila mwaka uliotimia, unadaiwa 20,000. Likiwa halipungui kabisa, unadaiwa zote. Mikataba yote mitatu huitwa "bondi ya miaka 3". Dai wa kwanza. Dai pia sentensi moja: bondi inafutika kampuni ikikuachisha, ikikuhamisha kituo bila ridhaa yako, au ukipoteza cheti cha afya. Na miezi ya bondi ianze kuhesabiwa siku uliyofaulu mtihani, si siku watakayoona inafaa kukupangia safari ya kwanza.

Kupoteza cheti cha afya kuna kifungu chake, au pasipo na kifungu kuna pengo. Tafuta mambo matatu: mshahara unaendelea miezi mingapi ukiwa umesimamishwa, kuna bima ya kupoteza leseni, na bima hiyo inasubiri siku ngapi kabla ya kuanza kulipa. Mgongo ukikushinda ukiwa na miaka 45, karatasi hii ndiyo itakayolisha nyumba.

Kodi, hasa kwa anayetoka kwetu

Kuna uvumi kwamba ukifanya kazi nje zaidi ya nusu mwaka hudaiwi kodi nyumbani. Soma sheria. Kenya na Tanzania hukuhesabu mkaazi ukikaa nchini siku 183 za mwaka, lakini pia ukiwa na wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka huo na miwili iliyotangulia. Na ukiwa na nyumba ya kudumu nchini, kukaa humo hata kidogo mwaka huo kunatosha. Rubani wa 28 kwa 28 anayerudi Nyali au Mbezi kila mwezi anaangukia humo moja kwa moja, na mkaazi hutozwa kwa mapato ya kazi popote alipoyapata. Weka hati za kodi uliyokatwa ugenini, uende nazo kwa mshauri kabla ya Juni.

Nani anakuajiri, na nani anaweza kukuadhibu

Jina kwenye nembo ya helikopta mara nyingi silo jina la mwajiri kwenye mkataba. Tafuta kampuni imesajiliwa wapi, na mgogoro utaamuliwa na mahakama ya nchi gani. Hata kampuni kubwa za helikopta huyumba: bei ya mafuta ilipoporomoka, CHC iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai Mei 2016, PHI Machi 2019, Bristow Mei 2019. Kwa hiyo muda wa notisi, tiketi ya kurudi nyumbani na malipo ya siku zilizokwisha kufanywa viandikwe. Uliza kama kuna chama cha wafanyakazi. Uingereza chama cha marubani, BALPA, huwakilisha marubani wa Bahari ya Kaskazini. Marekani baadhi wako chini ya chama cha OPEIU. Palipo na chama kuna orodha ya ukongwe inayosema nani anapunguzwa kwanza, nawe unayeingia leo utakuwa mkiani.

Lililo muhimu kuliko yote ni haki ya kukataa safari. Uliza kwa barua pepe, si kwa simu: "Rubani mkuu akikataa kuruka kwa sababu ya hali ya hewa au hitilafu, kuna athari gani kwa malipo ya siku hiyo na kwa tathmini yake?" Jibu linalofaa ni fupi: hakuna. Jibu refu lenye "mteja anatarajia", yaani kampuni ya mafuta, linakueleza kituo kilivyo. Machi 12, 2009, S-92 ilianguka karibu na Newfoundland, Kanada, baada ya gia kuu kupoteza mafuta yake. Watu 17 walikufa, mmoja akaokoka. Mashine iliyopoteza mafuta ya gia haimngojei mtu afike uwanjani, na uamuzi wa kushuka majini hufanywa kwa dakika. Rubani aliyezoeshwa kuogopa gharama ya kila uamuzi atachelewa.

Ukisharidhika, saini nakala mbili, moja ibaki kwako. Piga picha kila ukurasa wa kitabu chako cha saa za kuruka kila mwisho wa zamu, na uihifadhi nje ya kompyuta ya kampuni: ukihamia kwingine, mteja mpya atataka saa zako za juu ya bahari, za usiku na za aina hiyo ya helikopta, moja moja, zikiwa na sahihi.