Kinachomkwamisha Mzungumzaji wa Kiswahili katika Kiingereza, na Namna ya Kujikwamua

Mtu anaweza kusoma Kiingereza kwa miaka kumi, akafaulu mitihani na kumaliza riwaya nzima bila kufungua kamusi, kisha akaulizwa swali jepesi na mgeni akabaki anameza mate. Maneno anayo. Tatizo ni kwamba swali amelifasiri kwanza kwa Kiswahili, jibu akalitunga kwa Kiswahili, akaligeuza kuwa Kiingereza, kisha akalikagua kisarufi kabla ya kufumbua kinywa, na kufikia hapo wenzake wameshahamia jambo jingine. Kwa maoni yangu, safari hiyo ndefu ndiyo kikwazo kikuu, na vingi kati ya vikwazo vingine ni watoto wake.

Ili kuifupisha, acha kukariri neno mojamoja na ujifunze mafungu yanayotamkwa kwa pumzi moja, kama "it depends on", "as far as I know" au "I'm not sure whether". Kila fungu lisemee kwa sauti katika sentensi tatu au nne zinazohusu mambo yako mwenyewe. Lipo pia zoezi ambalo walimu wengi wa lugha hulitumia: chagua mada moja, uizungumzie kwa dakika 4, kisha uirudie yote kwa dakika 3, na mara ya mwisho kwa dakika 2. Katika mzunguko wa tatu hakuna tena nafasi ya kufasiri, na ulimi hulazimika kuchukua njia ya mkato. Zoezi hili linachosha, na usipochoka yamkini unasoma kimoyomoyo badala ya kuzungumza.

Makosa yanayosalia mara nyingi hutoka katika Kiswahili chenyewe, na hiyo ni habari njema, kwa kuwa kosa lenye asili inayojulikana ni rahisi kulivizia. Chukua swali "Hujala?" Ambaye hajala hujibu "Ndiyo, sijala", akiafiki kauli ya muulizaji, lakini Kiingereza hutazama tendo lenyewe, kwa hiyo jibu la "Haven't you eaten?" kwa mtu huyohuyo ni "No, I haven't". Ukijibu "Yes", utaeleweka kwamba umeshakula. Kosa hili halionekani kwenye daftari la mazoezi, ila katika maisha linaweza kumlaza mtu njaa.

Vivyo hivyo kwa kiambishi -me-, ambacho vitabu vingi hukilinganisha harakaharaka na "have". Kuhusu mtu aliye usingizini sasa hivi Kiswahili husema "amelala", naye mwanafunzi hutamka "he has slept" pale ambapo Kiingereza husema "he is asleep". Ndivyo pia "nimechoka" inavyokuwa "I am tired". Tena, katika mazungumzo ya kawaida tunasema bila wasiwasi "nimemwona jana", lakini Kiingereza hakikubali "have" ikae pamoja na "yesterday", bali hutaka "I saw him yesterday". Na huyo "him" ana mtego wake, maana "yeye" wetu habagui mwanamume na mwanamke, na ndiyo sababu mtu mzima mwenye shahada husikika akimwita mama yake "he".

Kuhusu "a" na "the", husemwa kwamba Kiswahili hakina kitu cha namna hiyo. Si kweli kabisa. Linganisha "nilisoma kitabu" na "nilikisoma kitabu": katika sentensi ya pili, -ki- humdokezea msikilizaji kwamba kitabu hicho tayari anakijua, na kwa kiasi kikubwa hiyo ndiyo kazi ya "the". Ulinganifu huu haufiki kila mahali, lakini unaanzia kwenye hisia uliyo nayo tayari.

Katika matamshi tuna faida moja tunayoisahau: anayetamka sawasawa "thelathini" na "dhahabu" ameshaziweza sauti za "think" na "this", zinazowatesa wanafunzi wa lugha nyingine nyingi. Ugumu uko kwenye irabu, kwa sababu tuna tano tu, ilhali Kiingereza sanifu cha Uingereza kina sauti za irabu zipatazo 20, kwa hiyo "ship" na "sheep" hugeuka neno moja. Maneno yetu ya asili huishia na irabu, nasi huongeza irabu hata pasipotakiwa, "walked" ikawa "wokedi" badala ya kukatika kwenye t. Mkazo nao, ambao kwetu hukaa karibu siku zote kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwao huhamahama: uko mwanzoni mwa "photograph", kwenye silabi ya pili ya "photographer", na ya tatu ya "photographic". Silabi zisizo na mkazo humezwa, hivyo katika "banana" ni a ya katikati tu inayosikika kamili.

Tahajia usiiamini. William Caxton alileta uchapishaji Uingereza mwaka 1476, wakati matamshi ya irabu ndefu yalikuwa katikati ya mabadiliko makubwa, na maandishi yakaanza kuganda huku vinywa vikiendelea kubadilika; k ya "knife", kwa mfano, zamani ilitamkwa. Kwa hiyo neno jipya lisikilize kwanza, ndipo ulitazame limeandikwaje.

Msamiati hauhitaji hofu kubwa: orodha ya maneno ya Kiingereza yanayotumika zaidi, aliyoitoa mwalimu wa lugha hiyo Michael West mwaka 1953, ina maneno ya msingi yapatayo 2,000, na mazungumzo mengi ya kila siku huzunguka humo.

Inabaki aibu, ambayo haiondolewi kwa kuambiwa ujiamini. Anza pasipo na shahidi: jirekodi kwa simu dakika moja, uisikilize kesho yake, na uandike kosa moja tu, liwe "he" ya mama au "wokedi". Wiki nzima vizia hilo peke yake, mengine yapite. Wiki ikiisha, zungumzia mada ileile tena, kisha cheza rekodi zote mbili moja baada ya nyingine.