Msako Ukipita Mtaani: Mwalimu wa Malindi Afanye Nini

Asubuhi baada ya msako wa uhamiaji, anza na daftari la mahudhurio. Mtoto asiyefika huenda mzazi wake ameshikwa, au familia imelala kwa jamaa. Usiulize darasani nani hana kitambulisho, wala usiandike uraia wa mtoto popote. Karatasi hiyo ikionekana na mtu asiyehusika, wazazi wengine nao watawaficha wanao.

Tuma nyumbani kwa mtoto huyo mwalimu anayeaminiwa na mtaa, si naibu mwenye kiboko. Akikuta watoto peke yao, apige 116, simu ya bure ya watoto, kisha amjulishe afisa wa watoto.

Aeleze jamaa kwamba Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Muda ukiisha siku isiyo ya mahakama, husogezwa hadi siku ya kazi inayofuata. Ndiyo maana msako wa Ijumaa huumiza zaidi.

Kukosa cheti cha kuzaliwa kusimfukuze mtoto: Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto elimu ya msingi bila malipo. Mwacheni asome, cheti kitafuatiliwa. Hata Wapemba wa Kilifi, jamii yenye asili ya kisiwa cha Pemba, walitambuliwa rasmi kuwa Wakenya 2023 tu, na watoto wao walikuwa madarasani zamani.